Mgeni wa Maji Hachagui

Fundi hakuwa na habari na uso wa mtu. Ukifika bandani kwake pale Nkome kutaka mtumbwi, alianza kukutazama miguuni, akapanda mpaka magotini, akafika kiunoni, na hapo akakaa kwa muda ambao ungemletea mwanamume mwingine ugomvi. Wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, walimsema sana kwa macho yale. Lakini wanaume aliwatazama vilevile, na padri alimtazama vilevile, siku alipokuja kuulizia mtumbwi wa kuvukia kwenda kusalisha ng'ambo. "Padri una nyonga nzito," alimwambia mbele ya waumini. "Nitakupa kipana kidogo, na utakaa chini sakafuni, si juu kwenye kibao." Padri alicheka. Sisi Wakatoliki tuliotoka Ushirombo ndio tuliona aibu kwa niaba yake.

Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: uzito wa mtu umekaa wapi. Wengine wanaubeba mabegani, wengine kiunoni, na mtumbwi unalijua hilo kabla mwenyewe hajalijua. Akishamaliza kutazama alikuwa ameshachagua, na hapo ukisema unataka ule pale badala ya huu hapa, alikujibu neno lake moja: "Mgeni wa maji hachagui." Mgeni wa maji, kwake, alikuwa mtu yeyote ambaye hajawahi kupiga kafi, hata kama ana wajukuu. Wa kwanza alikuchagulia yeye. Ukiuchakaza ukarudi, wa pili ulichagua mwenyewe, naye alikaa kimya akivuta tumbaku.

Katika miaka yote niliyomfahamu, nilimjua mtu mmoja tu aliyeachiwa kuchagua wa kwanza, naye alikuwa mume wangu. Aliondoka na mtumbwi mkubwa kuliko yote bandani, nao ukamuua. Nimekaa na swali hilo muda mrefu, kwamba kwa nini yeye, kati ya wageni wote wale, aliachwa ajichagulie. Halikuwa swali la hasira. Lilikuwepo tu, kama jino bovu ambalo limeshaacha kuuma.

Miaka ile ya sabini watu wengi wa mashamba na mifugo walishuka ziwani. Wengine walitoka Kahama, wengine Bukombe, wengine mbali huko Shinyanga, watu ambao maji makubwa waliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Walisikia kwamba sato wanatoka na dagaa wanauzika, wakaja. Na wote walikuwa na kosa moja. Walichagua mtumbwi kama wanavyochagua ng'ombe mnadani. Waliuzunguka, wakaupiga makofi ubavuni, wakainama kuchungulia chini, wakarudi nyuma hatua kadhaa na kufumba jicho moja. Mwisho waliuelekea ule mkubwa kuliko yote, kwa sababu kwetu mtu haendi mnadani akarudi na mnyama mdogo huku pesa ya mkubwa anayo.

Nilikuwepo siku mzee mmoja alipokuja kutoka kuchimba almasi Maganzo. Alikuwa na kofia mpya na koti zito lisilofaa kwa joto la mwaloni. Nilikuwa nimeketi na mke wa Fundi, Mama Kulwa, tunachambua mchele.

"Mwangaluka, Fundi."

"Mwangaluka, bhabha. Karibu."

Mzee alizunguka, akapiga makofi ubavu, akachungulia. "Nipe hili dume," alisema.

"Hilo si dume. Hizo ni mbao."

"Mkubwa hauzami."

"Kweli hauzami," Fundi alisema. "Utazama wewe, wenyewe utarudi salama."

Mama Kulwa alinisukuma kwa kiwiko. Fundi alimvua mzee koti kama mtoto, akamkalisha ndani ya mtumbwi mkubwa palepale juu ya mchanga, kisha akausukuma ubavuni kwa mguu. Mzee akateleza upande ule, ukasukumwa tena, akateleza upande huu, kama harage kwenye debe. Halafu akamkalisha kwenye mdogo. Magoti yakagusa mbao za huku na za huku. Fundi akasukuma, na safari hii mzee mwenyewe, bila kuambiwa, akakaza goti na mtumbwi ukarudi sawa.

"Umeona?" Fundi alimwuliza. "Huu umeuvaa. Ule ulikuwa umeupanda tu."

"Wabeja," mzee alishukuru. "Wabeja sana." Lakini alipokuwa anaondoka niliona bado anageuka kuutazama ule mkubwa.

Baadaye, kwa kukaa karibu na banda, niliyaelewa mambo hayo mimi ambaye sikuwa na mpango wa kupanda mtumbwi wowote. Chombo kipana kinatulia ukiwa karibu na nchi kavu, na hapo ndipo kinapomdanganya mgeni. Kikiwa kipana kupita kiasi, kafi halifiki majini mpaka uegemee nje, na ukiegemea nje wewe ndiye unayekipindua. Kikiwa kirefu, na wewe uko peke yako nyuma, sehemu ya mbele inainuka, na upepo ukiikuta imeinuka hivyo unaigeuza unavyotaka. Fundi aliyasema haya kila siku kwa kila mtu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuyasema.

Kwenye makafi alikuwa mkali zaidi. Kafi ni kasia fupi la kushika kwa mikono miwili, na mgeni akiachiwa huokota lile nene, kwa imani kwamba nene ndilo lenye nguvu. Fundi hakubishana. Alimwambia mtu alinyooshe mbele kwa mkono mmoja na asubiri, kisha yeye akachukua kikombe chake cha uji akaanza kunywa, taratibu, akipuliza. Hakuna niliyemwona akifika mwisho wa uji bila mkono kushuka. "Na huo ni uji," alisema. "Ukienda ziwani utalinyanyua mpaka mchana." Ndipo akawapa jembamba. Alilipima kwa kumsimamisha mtu wima, peku, kafi limesimama mbele yake. Likifika kidevuni lilikuwa lake. Likifika puani alilikata kidogo palepale. Waliovaa viatu aliwavua, na waliojinyoosha wapate kuonekana warefu aliwagonga begani.

Mpini aliulainisha kwa kipande cha chupa iliyovunjika, akiukwangua mpaka usitoe hata unyuzi, kisha akausugua shavuni mwake mwenyewe. Shavu likikwaruzika alirudi tena kwenye chupa. Viganja vya mgeni ni vya mtoto, alisema, hata kama ameshika jembe maisha yake yote, kwa sababu jembe na kafi haviumizi mahali pamoja.

Sasa mtu huyo, aliyewapa wengine vyombo, mwenyewe hakuingia majini kupita magoti. Hakujua kuogelea na hakutaka kujifunza. Akiwa na safari ya Mwanza alipanda lori akazungukia Kahama na Shinyanga, akafika amejaa vumbi mpaka kope, na waliovuka kwa maji walikuwa wameshakula na kulala. Ukimtania kwa hilo alisema, "Nikifa mimi, nani atawachongea?" Alisema kwa uso mkavu kabisa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa dhihaka.

Dagaa hakuweza kuwavumilia, na aliishi Nkome, ambako hata mto wa kulalia unanuka dagaa. Benchi za kanisani alizitengeneza bure, mbao zake, misumari yake, halafu Jumapili alikaa nje chini ya dirisha, akasikiliza misa kutokea huko. Katekista alimwuliza sababu. Akajibu kwamba akiingia ataanza kutazama viungo vya benchi.

Na kulikuwa na redio. Saa ya matangazo ya vifo ilipofika Fundi aliacha kazi. Alisimama wima, tezo mkononi, akasikiliza majina ya watu wa Songea, wa Tanga, wa Singida, watu asiowajua na ndugu zao asiowajua, mpaka tangazo la mwisho. Aliyethubutu kuongea wakati huo alifukuzwa. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye hakuja kumzika mume wangu, na nyumba yake ilikuwa karibu kiasi kwamba tulisikiana tukikohoa.

Mume wangu, Baba Stazia, alikuwa Msumbwa kama mimi, mtu wa mihogo na ng'ombe wa kulimia. Tulikuja Nkome mtoto wetu Stazia akiwa bado anatambaa. Kwa miezi kadhaa alikuwa baharia kwenye mitumbwi ya wenyewe, anavuta nyavu na kurudi na mgawo wa samaki. Halafu akarudi Ushirombo, akawauza ng'ombe, akaja na uwezo wa kupata chombo chake. Siku aliyotoka bandani kwa Fundi alikuja anacheka peke yake njiani. Nilimwuliza amepewa upi. "Ule mkubwa," alisema. "Fundi ameniachia." Nikamwuliza kwa nini ule. Akasema nitaona.

Sikuona. Asubuhi moja alisema anakwenda kuujaribu karibukaribu tu na atarudi kunywa chai. Upepo ukaamka jua likiwa bado halijapanda. Mtumbwi ulikutwa karibu na mawe, umepinduka, mzima kabisa, hauna hata ufa. Yeye alipatikana baadaye.

Watu walitegemea nilie, na sikulia. Nilishikwa ganzi. Niliketi kwenye mkeka na wanawake wakanishikilia mabega kwa nguvu, kama vile ningekimbia, nami nikawa natazama tu kanga ya mmoja wao inavyofunguka, nikifikiri kwamba itamdondoka. Nilisikia njaa. Nilikula ugali niliopewa, nikamaliza, na mama mkwe alinitazama kwa namna ambayo hakuiacha tena. Mama Kulwa ndiye aliyepika siku zote zile, akaosha mpaka nguo za mtoto. Mumewe hakutia mguu.

Kisha likazaliwa lile neno. Mgeni yeyote akishuka mwaloni na kutupia macho chombo kikubwa, watu walimwambia, "Usije ukachagua kama Msumbwa." Hata waliokuja mwaka mmoja baadaye, ambao hawakumjua, walilisema. Nilikuwa naanika dagaa mchangani, nasikia linasemwa, wanacheka, naendelea kuwageuza dagaa. Mume wangu alikuwa amegeuka kuwa mtu mjinga wa kufundishia wengine. Nililijua hilo, kichwani nililijua vizuri, lakini halikuniuma. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko kilio ambacho sikulia. Na niliamini kama wao. Nilimjua alivyowatazama ng'ombe. Nilisadiki kwamba kweli alizunguka, akapiga makofi ubavu, akaondoka na dume.

Kilichobaki ni Fundi. Kwa nini alinyamaza siku ile na neno lake analo mdomoni? Sikumwuliza, kwa sababu hakunipa nafasi. Nikipita alikuwa ameinama ndani ya mtumbwi, anatafuta kitu. Nikisalimia, "Shikamoo Fundi," jibu lilitoka chini ya mbao. Maelezo yake kwa wageni yalipungua, akawa anampa mtu chombo cha mtu mmoja, kafi la kidevu, basi, aende. Vile vikubwa aliacha kuwapa wageni kabisa, hata wawili wakija pamoja. Nami nilijiambia kwamba anatudharau, kwamba tumemharibia jina. Lakini kila wiki Mama Kulwa alinunua dagaa kwangu, wengi, katika nyumba ambayo mwenyewe hakuwala. Sikujua niliweke wapi hilo.

Nilihamia Kahama miaka ile ya foleni za sabuni na sukari. Nilipata mahali sokoni, nikauza dagaa na baadaye mchele, na Stazia akaanza shule. Niliishi vizuri. Watu walisema nimepona haraka, na mimi sikuwasahihisha, maana sikuwa na la kuwaonyesha. Wanaume wawili walikuja kuposa. Niliwasikiliza kama ninavyomsikiliza mtu anayeuliza bei, wakaondoka.

Siku moja Kulwa, binti yake Fundi, aliyekuwa ameolewa mjini hapo, alisimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, Mama Stazia."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Mama hajambo, yuko Nkome. Baba ndiye yuko kwangu. Kifua kinamsumbua." Akachota mchele kiganjani, akaurudisha. "Nilimwambia unauza hapa. Hakujibu kitu."

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Fundi alikuwa kibarazani kwa mwanawe, amekonda, shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali, anachonga mwiko. Miiko mingine mingi ilikuwa miguuni pake. Kulwa aliniletea kigoda, akaingia ndani kuchemsha chai.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Stazia. Mtoto mzima?"

"Mzima. Anasoma."

"Anasoma," alirudia. Akachonga kidogo. Niliona kwamba nikisubiri tutazungumza habari za mvua mpaka jioni, kwa hiyo niliuliza palepale.

"Fundi, kwa nini ulimwachia Baba Stazia achague?"

"Hakuchagua."

"Nkome nzima inasema alichagua."

"Nkome nzima haikuwepo." Aliuweka mwiko chini. "Nilimtolea mdogo, wa mtu mmoja. Nikamkalisha, magoti yakashika vizuri, kafi nikalipima. Kila kitu sawa. Akasema hapana, yeye anataka wa watu wawili. Nikamwuliza wa pili nani, baharia umeshampata? Akasema, mke wangu."

Niliokota mwiko mmoja miguuni pake, nikaugeuza mkononi.

"Aliniambia kwamba akiwa majini na mitumbwi ya watu, wewe unasimama mwaloni tangu asubuhi. Huli, huketi, unatazama maji mpaka arudi. Ni kweli au alinidanganya?"

"Ni kweli."

"Akasema hawezi kukuacha namna ile kila siku, heri uwe naye. Nikamwambia, wewe, mwanamke kwenye mtumbwi wa nyavu? Watakucheka mpaka uhame. Akasema wacheke. Basi. Wa watu wawili uliokuwepo ulikuwa ule. Nikampa."

"Sasa mbona alikwenda peke yake?"

Fundi alikohoa kwa muda mrefu, akijishika ubavu.

"Alitaka azoee kwanza. Hakutaka akupakie wewe naye mwenyewe bado anatetemeka. Nikamwambia, basi usiende na mbele patupu, upepo utauchezea. Tafuta jiwe, weka pale atakapokaa mkeo. Lenye uzito wake, uujue mtumbwi utakavyokuwa siku ya yeye kupanda." Alinitazama. "Neno la jiwe ni langu mimi. Sikumwambia alifunge. Walipouleta mtumbwi niliingia ndani nikaona mbao zilivyochubuka, kutoka katikati mpaka ubavuni. Jiwe lilihama. Likahama lote upande mmoja."

Kulwa alileta chai, akaiona hali yetu, akaweka vikombe na kurudi ndani.

"Kwa nini hukuniambia, Fundi? Miaka yote ile wanamcheka."

"Nilikuja mpaka mlangoni kwako siku ya msiba. Nikakuona unakula. Nikasema, huyu ameweza kula, nisimwongezee." Alitikisa kichwa. "Halafu siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana yake. Ukitaka kunilaani, nilaani. Niko hapa."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki, na nilijua maneno ambayo mtu angesema. Yalikuwa yananijia mdomoni, ndipo kikanijia kitu kingine, kidogo, ambacho sikuwahi kukikumbuka tangu azikwe, kwa sababu kilikuwa mchezo tu wa siku ya kazi.

Ilikuwa siku chache kabla hajafa. Nilikuwa nimeinama jikoni napuliza moto. Baba Stazia alikuja nyuma yangu, akanishika chini ya mbavu kwa mikono miwili, akaninyanyua mpaka miguu ikaacha ardhi. Hakunizungusha, hakunitania. Alinishikilia hivyo hewani, kimya, kama anayesikiliza. Akaniweka chini, akatoka, nikamsikia nyuma ya nyumba akiguna. Akarudi, akaninyanyua tena. Nikamwambia, "Una wazimu leo? Mtoto anatutazama." Akacheka, akasema ngoja kidogo, akatoka tena mbio.

Pale kibarazani niliisikia mikono yake kwenye mbavu zangu. Niliisikia kweli, joto lake na vidole vyake. Kikombe kilinidondoka. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, na Kulwa akaja mbio kutoka ndani, akidhani baba yake amekufa.

"Nini, Mama Stazia?" Fundi alikuwa ananiuliza. "Nini? Sema."

Sikuweza kumwambia. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na jiwe, na mume wangu alikuwa anakimbia kati yangu na lile jiwe, analinyanyua, ananinyanyua, asije akalichukua jepesi kuliko mimi.